Chensoo Inapopasua Vibaya: Soma Unga, Soma Ubao, Kisha Ikague Cheni

Cheni inayokuja na chensoo mpya dukani imetengenezwa kwa kuangusha miti na kukata magogo, si kwa kupasua mbao. Meno yake yamenolewa kwa digrii 30, na pembe hiyo hufaa pale cheni inapokatiza nyuzi za mti. Kupasua ni kazi nyingine kabisa. Gogo limelala, baa (lile bapa refu la chuma linalobeba cheni) inasafiri kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na kila jino linakutana na vichwa vya nyuzi. Ni kama kupiga randa kwenye kichwa cha ubao badala ya ubavuni. Kila seremala anajua ni upande upi unaochosha mkono.

Ndiyo maana mafundi wengi hulaumu injini, hubadilisha plagi, hufungua kabureta, wakati kasoro iko kwenye kipande cha chuma chenye urefu wa milimita chache. Kabla hujagusa injini, chota kiganja kimoja cha unga uliodondoka, kisha pitisha kidole juu ya ubao uliotoka. Hivyo viwili vitakueleza mengi.

Ili tuelewane: hapa "jino" ni lile la juu linalokata. "Kinundu" ni kile kidonge cha chuma kilicho mbele ya jino, kinachoamua jino liume kina gani. "Meno ya chini" ni yale yanayotembea ndani ya mfereji wa baa na kushikwa na sproketi, yaani gurudumu la meno linalozungusha cheni.

Cheni haikai vizuri, inaruka, au inavuta kwa mikwaruzo tangu siku ya kwanza

Hapa kosa lilifanyika dukani. Cheni nyingi hukatwa kutoka kwenye roli, na muuzaji hupima kwa macho. Vipimo vitatu lazima vilingane: pichi, geji, na idadi ya meno ya chini.

Pichi hupimwa hivi: chukua ribiti tatu zinazofuatana, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Majina ya pichi hutajwa kwa inchi. Ukipata takribani milimita 16.5 kabla ya kugawa, hiyo ni .325. Milimita 18.6 ni 3/8. Milimita 20.5 ni .404. Tofauti kati ya 3/8 na .404 ni chini ya milimita 2 kwenye ribiti tatu, ndiyo maana watu hudanganyika. Cheni ya .404 kwenye sproketi ya 3/8 itazunguka kidogo, italia, kisha itakula sproketi.

Geji ni unene wa meno ya chini: milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Cheni ya 1.5 kwenye mfereji wa 1.6 huingia bila shida, lakini hulala upande, na mkato hupinda. Ya 1.6 kwenye mfereji wa 1.5 haiingii kabisa, na hilo ni jambo jema kwa sababu utaligundua mapema.

Kwenye cheni za Stihl namba zimepigwa kwenye chuma. Ubavuni mwa kinundu, 2 ni .325, 3 ni 3/8, 4 ni .404. Kwenye jino la chini, 3 ni geji ya 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6. Chensoo mbili zinazoonekana sana kwenye kazi ya mbao Afrika Mashariki, MS 381 na MS 070, kwa kawaida hutembea na geji ya 1.6: ya kwanza kwa pichi ya 3/8, ya pili kwa .404. Hata hivyo baa hubadilishwa mara nyingi, hivyo soma kilichoandikwa kwenye mkia wa baa yako, usitegemee mazoea. Idadi ya meno ya chini ihesabu mwenyewe. Baa ya sentimita 63 ya 3/8, kwa mfano, hubeba 84.

Unga ni poda laini kama wa ngano, na lazima usukume

Unga wa kupasua huwa mdogo kuliko ule wa kukata gogo, hilo ni la kawaida. Lakini ukiusugua kati ya vidole unapaswa kuhisi punje, kama unga wa dona wenye chenga. Ukiwa laini kabisa na una rangi ya kahawia iliyoungua, jino halikati, linasaga.

Sababu ni mbili, na huenda pamoja: jino ni butu, au kinundu kiko juu mno. Mtu hunoa meno mara kumi bila kugusa vinundu. Kila anaponoa, jino linarudi nyuma na kushuka, kwa kuwa bapa lake la juu lina mteremko. Kinundu kinabaki palepale. Mwisho wake meno yanang'aa kwa ukali na bado hayaumi chochote.

Tiba ianze kwenye meno. Tafuta kisiki imara, kata ndani yake mfereji wa kina cha sentimita 5 hivi, zima injini, simamisha baa humo na uibane kwa kabari ndogo ubavuni. Umepata jiliwa la porini. Tupa ya duara iwe ya saizi sahihi: milimita 4.8 kwa .325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kutegemea mtengenezaji wa cheni, na 5.5 kwa .404. Tupa nyembamba mno huchimba tumbo la jino na kuacha ncha dhaifu. Nene mno huliacha jino bila mdomo.

Tafuta jino fupi kuliko yote, lipake chaki, anza nalo. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, inua unaporudi. Moja ya tano ya unene wa tupa itokeze juu ya bapa la jino. Hesabu misukumo, kisha yapatie meno mengine urefu huohuo. Njiti ya kiberiti iliyokatwa kwa urefu wa lile jino fupi inatosha kuwa kipimo.

Kuhusu pembe: kwa kupasua, lenga digrii 10. Kama huna kishikio cha tupa chenye alama, chukua kipande cha plaiwudi. Chora mstari unaokatiza baa kwa mraba wenye urefu wa sentimita 17. Kwenye ncha yake sogea sentimita 3 kufuata urefu wa baa, kisha unganisha nukta hiyo na mwanzo wa mstari. Huo mstari wa mshazari ndio digrii 10. Uweke plaiwudi chini ya tupa, fuata mstari. Kwa meno ya upande wa pili geuza plaiwudi.

Cheni ya digrii 30 usiilazimishe kufika 10 kwa siku moja. Utakula nusu ya jino. Punguza digrii 5 kila unaponoa. Baada ya kunoa mara nne itakuwa imefika, na hukupoteza chuma zaidi ya kile ambacho ungekinoa vyovyote vile.

Sasa vinundu. Laza rula ya chuma juu ya meno mawili yanayofuatana, uone nafasi iliyobaki kati ya rula na kinundu. Kwa 3/8 iwe milimita 0.65, kwa .404 iwe milimita 0.8. Kipimo cha 0.65 unacho tayari kwenye sanduku la vifaa: wembe wa msumeno wa chuma wa mkono una unene huohuo. Ukipita kwa kugusa kidogo, kinundu kiko sawa. Usipopita, kishushe kwa tupa bapa, misukumo miwili mitatu, kisha uviringishe kona yake ya mbele. Ukikishusha kupita kiasi jino litauma kwa pupa, chensoo itaruka mikononi, na kwa anayepasua bila fremu ya kuongozea chensoo hapo ndipo pua ya baa inapomrudia usoni. Chuma ulichokwisha kukila hakirudi, kwa hiyo pima kila baada ya misukumo miwili.

Ubao unatoka na mistari mirefu au mawimbi

Mistari iliyochimbwa upande mmoja tu wa ubao inatoka kwenye jino moja au mawili marefu kuliko wenzake. Rudi kwenye njiti ya kiberiti.

Mistari pande zote mbili, yenye mpangilio, ni alama ya pembe ya digrii 30. Jino lililochongoka hivyo huingia kwa kona na kusukumwa pembeni; la kulia linavutwa kulia, la kushoto kushoto, na cheni inatembea kwa kutetemeka ndani ya mkato. Kwa digrii 10 jino linakwenda mbele moja kwa moja. Kasi haiongezeki sana, na anayekuuzia cheni ya kupasulia kwa ahadi ya kasi anakuongopea. Unachopata ni ubao laini usiohitaji randa nyingi, na ukali unaodumu kwa ubao mmoja au miwili zaidi kabla ya tupa.

Kama unaweza kuipata cheni iliyotoka kiwandani ikiwa na digrii 10, inunue. Stihl huziandika RMX mwishoni mwa jina, kwa mfano 36 RMX ya 3/8 na 46 RMX ya .404. Oregon huziandika RD, kama 75RD ya 3/8 yenye geji ya 1.6. Zikikosekana, cheni ya kawaida uliyoigeuza mwenyewe kwa tupa itafanya kazi ileile. Tofauti ni jasho lako.

Mawimbi mapana, yaani ubao mnene hapa na mwembamba pale, hayatoki kwenye cheni. Hayo yanatoka kwenye reli iliyolegea kwenye fremu, au mkono unaochoka. Anayepasua kwa mkono mtupu akifuata mstari wa kamba iliyochovywa kwenye unga wa mkaa ataona mawimbi zaidi kila anaposimama katikati ya mkato. Panga kabari na mafuta kabla ya kuanza, usiguse tena hadi umalize futi zote 12.

Mkato unapinda upande mmoja

Mkato huelekea upande wenye meno marefu au makali zaidi. Anayetumia mkono wa kulia kwa kawaida hunoa meno ya upande mmoja kwa nguvu kuliko ya pili, bila kujua. Pima meno matatu kila upande, linganisha.

Yakiwa sawa, shuku baa. Laza rula ubavuni mwa baa igusane na ubavu wa jino. Kwenye baa isiyo na kasoro rula itaegemea jino na kuacha mwanya kwenye baa. Ukikosa mwanya, kingo za mfereji zimetanuka na cheni inalala. Zile ncha kali zinazotokeza kwenye kingo zisugue kwa tupa bapa. Kina cha mfereji kisipungue milimita 6 kwa 3/8 na milimita 7 kwa .404, kikipungua, meno ya chini yanagusa sakafu ya mfereji na hakuna kunoa kutakakosaidia. Geuza baa juu chini kila unaponoa, ili kingo ziishe kwa usawa.

Injini inazidiwa, inashuka sauti, karibu kuzima

Hapa uchaguzi wa cheni una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye gogo la upana wa sentimita 60, meno yote yaliyomo ndani ya mti yanauma kwa wakati mmoja, na injini inayavuta yote. MS 381 ina sentimita za ujazo 72, MS 070 ina takribani 106. Ya kwanza ikipewa baa ndefu na cheni iliyojaa meno itahangaika.

Suluhisho kwa baa ndefu, kuanzia inchi 28 hivi, ni cheni ya meno machache, ile ambayo nafasi kati ya jino na jino ni kubwa kuliko kawaida. Ina pungufu la theluthi moja ya meno, unga unapata nafasi ya kutoka, injini inapumua. Usiifunge kwa magogo membamba ya chini ya sentimita 30, kwa sababu meno mawili matatu tu yatakuwa ndani ya mti na chensoo itagongagonga.

Unene wa mkato nao ni mzigo. Cheni ya .404 hula takribani milimita 10 kila inapopita, ya 3/8 kama 9, na ile ya 3/8 ya umbo dogo kama 7. Gogo la mikato tisa kwa milimita 9 limepoteza milimita 81, yaani kama inchi 3 za mti mzima zimegeuka unga. Kwa mninga hiyo ni hela. Ila cheni nyembamba hukatika upesi kwenye mashine yenye nguvu nyingi, hivyo ya umbo dogo waachie wenye fremu, magogo ya wastani na mkono mtulivu.

Kama cheni iko sawa na bado injini inazidiwa, ndipo uende kwenye mafuta. Kupasua kunaiweka mashine kwenye gesi kamili dakika kadhaa mfululizo, jambo ambalo kuangusha mti hakufanyi. Mchanganyiko wenye oili kidogo unaua pistoni. Mwongozo wa Stihl unataka 1:50 kwa oili yao, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na 1:25 kwa oili nyingine za tu-stroki. Ukimaliza mkato, iache injini inguruma polepole kama nusu dakika kabla ya kuizima.

Zinatoka tambi ndefu, zinaziba kifuniko cha sproketi

Hii si kasoro ya cheni. Umelaza baa ikafuata urefu wa nyuzi, na jino linamenya nyuzi ndefu badala ya kukata vichwa vyake. Hutokea sana mtu anapopasua gogo kubwa katikati ili libebeke. Mkato huo ni wa haraka, na kwa kazi hiyo digrii 10 haina faida. Cheni ya kawaida ya 25 hadi 30 inamenya vizuri zaidi. Inua mkia wa chensoo kidogo ili baa ikatize nyuzi kwa mshazari, na tambi zitafupika. Zikishaziba, zima injini kwanza, kisha zitoe. Mkono usiingie pale injini ikiwa inanguruma.

Baa inageuka bluu, cheni inalegea kila baada ya dakika chache

Oili haifiki. Elekeza pua ya baa kwenye kisiki cheupe, ongeza gesi. Mstari wa oili usipoonekana, safisha tundu la oili kwenye mkia wa baa, ambalo mara nyingi limezibwa na unga ulioshikana na utomvu. Kwa baa ndefu sana pampu ya mashine haitoshi, na watu hufunga kichupa cha pili kinachodondoshea oili karibu na pua.

Oili chakavu ya gari isitumike. Ina vipande vidogo vya chuma vinavyosaga pampu na mfereji, haishiki kwenye cheni inapokimbia, na inayorushwa hutua kwenye ngozi na nguo zako siku nzima. Akiba yake ni ndogo kuliko bei ya baa moja.

Cheni mpya ilaze kwenye oili usiku mmoja, izungushe kwa nusu gesi, kwa dakika mbili au tatu, bila kugusa mti, kisha ikaze upya. Kazi ikiisha, ilegeze: cheni ya moto iliyokazwa husinyaa ikipoa na kuvuta mhimili wa injini. Na sproketi yenye alama za kina cha nusu milimita ibadilishwe, la sivyo itatanua hata cheni mpya.

Cheni inakuwa butu baada ya ubao mmoja

Angalia gamba kwanza. Gogo lililoburutwa ardhini limebeba mchanga ndani ya nyufa za gamba, na sentimita moja ya mchanga humaliza ukali kuliko mita za mti safi. Toa gamba kwa shoka kwenye mstari wote utakaopita. Mkaratusi na msindano gamba lake hutoka kirahisi. Usiwe na uvivu hapo.

Miti iliyokua karibu na nyumba ina misumari. Grevilea na mwembe wa kwenye mpaka wa shamba hasa: waya wa seng'enge uliopigiliwa miaka ishirini iliyopita sasa uko ndani, na juu hakuna kinachoonekana isipokuwa doa la bluu au jeusi kwenye kichwa cha gogo. Ukiona doa hilo, hamisha mstari.

Mvule una kisa chake. Ndani yake hujijenga vipande vigumu vya chokaa, vingine kama punje na vingine vikubwa, na jino likigonga kimoja utasikia mlio mkali na pengine kuona cheche. Kwa mvule, na kwa miti yote mikavu na migumu, chagua cheni yenye jino la kona ya duara. Ile ya kona ya mraba inakata upesi kwenye msindano safi, lakini ile kona yake moja kali ndiyo inayofanya kazi yote, ikivunjika jino zima limekwisha. Kona ya duara hukata polepole kidogo na kuvumilia. Baada ya kugonga chokaa, usiendelee kwa kusukuma: simama, noa hadi doa jeupe linalong'aa kwenye ncha ya jino liishe, kisha endelea. Jino likibaki na urefu wa milimita 4, hiyo cheni itupwe.

Cheni inabanwa katikati ya mkato

Cheni ikiwa kali, unga una punje, na bado inashikwa, basi mti wenyewe unajifunga. Mkaratusi mbichi ni maarufu kwa hili: ulikua ukiwa umejikaza, na ukishaufungua vipande viwili vinajikunja, wakati mwingine vikiinama ndani na kuibana baa. Gonga kabari ya mbao nyuma ya baa baada ya kila nusu mita, kabari ya pili ikiwa tayari mkononi. Usitumie kabari ya chuma. Anza kwa kutoa slabu nyembamba pande mbili zinazotazamana kabla ya kupita katikati, ili mkazo upungue kwa usawa. Ikishabanwa, zima injini, fungua mkato kwa kabari, vuta baa kwa mkono. Anayejaribu kuitoa kwa gesi huunguza klachi.